Kopo la Magesa

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. "Usambe" ni neno la kale ambalo siku hizi halisikiki sokoni wala shambani. Maana yake ni "usiseme". Usiseme kwamba atoaye ametoa kwa sababu anacho kingi. Wapo watu wenye vihenge vya nafaka vilivyofura ambao mikono yao imefumbwa kama ya mtoto mchanga, na wapo wengine ambao akiba yao yote hujaa katika kiganja, lakini kiganja hicho kiko wazi. Katikati ya miaka ya tisini, katika kitongoji kimoja jirani na Rwamgasa, wilayani Geita, methali hii ilipata shahidi. Shahidi mwenyewe alikuwa kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lililobonyea kidogo mdomoni, lenye mkono wa waya uliosokotwa kwa ustadi. Aliyelisokota alikuwa Magesa, kijana wa Shinyanga aliyehamia Geita na mkewe, Paskazia, kuifuata dhahabu. Magesa alichimba duara, shimo lake mwenyewe la dhahabu, kwenye mteremko wa mashariki, akakuta maji mengi kuliko dhahabu. Kopo lile alilitumia kuchotea maji hayo na kuoshea mchanga. Hata hivyo hakuwa mtu wa kununa. Akirudi jioni mikono mitupu, alikuwa akiligonga kopo kwa kidole kama ngoma na kuwaambia watoto, "Leo limejaa mlio. Kesho litajaa kitu."

Masika moja homa ikampata, na kabla ya mvua kukatika akawa amekwisha kuzikwa ng'ambo ya kilima. Paskazia alibaki na watoto wawili, Noela na mdogo wake Nkwabi, nyumba ya matofali mabichi, na kopo.

Tangu hapo Paskazia alishinda akiponda mawe ya wachimbaji kwa nyundo, chini ya kibanda cha matete, kwa ujira wa unga wa kuweka mdomoni siku hiyo hiyo. Unga huo haukutosha. Kilichowashikilia ni msaada wa chama kidogo cha akina mama wa mjini Geita kilichoitwa Umoja wa Kushikana Mikono. Kila mwezi gari dogo la chama lilikuja na magunia, wajane wakapanga mstari, na kila mmoja akakingia chombo chake. Paskazia alikingia kopo la Magesa. Alishukuru kwa moyo mweupe, lakini njiani alilifunika kwa khanga ili asiulizwe anatoka wapi.

Siku moja ya kiangazi alikuja Mabula, kaka mkubwa wa marehemu, mfugaji wa huko kwao Shinyanga. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia pana ya pama ambayo hakuivua hata akiwa ndani ya nyumba. Alimkuta Paskazia ndiyo kwanza anarudi kwenye mstari wa unga.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Noela. Hicho ulichofunika ni nini?"

Paskazia aliinua ukingo wa khanga. Mabula akatazama unga, akatazama kopo, akalitambua.

"Hili si la Magesa?"

"Ndilo."

"Ndugu yangu alichotea maji kwa kopo hili akitafuta riziki yake. Leo mkewe anaombea." Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu kama angepaza. "Mimi sikulaumu, mayu, mama yangu. Ardhi hii si yenu, na mume hayupo. Lakini watoto wa kaburi lile ni damu yetu, na hawawezi kukua kwa kukinga. Niache nirudi nyumbani. Nitakuja tena wakati wa mavuno. Nikikuta kihenge chenye kitu, nitakula nikushukuru na kwenda zangu. Nikikukuta na kopo mkononi, nitawachukua Noela na Nkwabi nikawalee kwetu."

"Na mimi, shemeji?"

"Wewe utakuja kuwaona ukipata nafasi."

Maneno hayo yalimkaa Paskazia kifuani kama jiwe lililokataa kupondeka. Alijua kwamba kwa mila Mabula alikuwa na haki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikwisha kutoka. Alijua pia kwamba hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomnyima hata nafuu ya kumchukia.

Haukupita muda mrefu, debe likasikika likigongwa kitongojini. Alikuwa mzee Donatus, mpiga mbiu, ambaye alipenda kazi yake kiasi kwamba hata habari ya kuku aliyepotea aliitangaza kama vita.

"Sikilizeni, sikilizeni! Jumamosi Umoja wa mjini unakuja! Unga basi! Unga umekwisha! Safari hii kila mama, kopo! Nasema kila mama, kopo!"

Wanawake waliulizana kitakachokuja badala ya unga. Mmoja alisema mchele, mwingine akasema sukari. Kwa vyovyote, kopo lilihitajika. Yalisuguliwa kwa mchanga mpaka yakang'aa: makopo ya mafuta ya kupikia, ya rangi, ya maziwa. Ghati, jirani yake Paskazia, mwanamke wa Kikurya mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alikwenda kuazima debe zima.

Jumamosi gari lilifika. Aliteremka Mwalimu Eufrasia, mwenyekiti wa Umoja, mwanamke mfupi aliyestaafu kufundisha lakini bado alisimama mbele ya watu kama aliye mbele ya ubao. Nyuma yake alishuka Bhumika, ambaye kila mtu alimwita Mama Vipul, mke wa Dilip mwenye duka kubwa la mjini. Mama Vipul alizaliwa Kahama, na Kisukuma alichojifunza nyuma ya kaunta ya baba yake kiliwashinda wengi waliojigamba kuwa Wasukuma.

"Ndugu zangu," Mwalimu Eufrasia alianza, "unga tunaowaletea unaliwa na kwisha, nasi tunarudi pale pale. Tumekaa, tukaamua kwamba kuanzia leo kila mama atapata mkopo."

Palepale makopo yote yakainuliwa juu kwa pamoja, yakimetameta juani. Debe la Ghati lilitawala katikati yao kama tembo kati ya mbuzi.

Mwalimu alishika kiuno. "Jamani, makopo haya ya nini?"

"Si mmesema tuje na kopo?" Ghati alijibu.

"Nani amesema?"

Nyuso zote zikamgeukia Donatus, ambaye ghafla aliona kitu cha kutazama kwenye ndala zake.

"Donatus, mimi nilikwambia nini?"

"Ulisema kila mama atapewa kopo, Mwalimu."

"Mkopo! Nilisema mkopo!"

"Si ndiyo hiyo hiyo? Mimi nimepunguza kichwa tu."

Mama Vipul alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari na kufuta machozi kwa ncha ya sari. Wanawake nao wakacheka. Lakini Mwalimu alipowaeleza kwamba mkopo ni fedha ya kufanyia kazi kisha kuirudisha, kicheko kilizimika kama moto uliomwagiwa maji.

"Deni lina meno," alinong'ona mama mmoja.

"Tutauziwa masufuria," akasema mwingine.

Paskazia alisimama. Hakuwa na desturi ya kusema hadharani. "Mwalimu, tukishindwa kurudisha mtachukua nini kwangu? Nina watoto wawili tu, na hao tayari wanangojewa." Akaliinua kopo, akaongeza, "Na kopo nimeliosha. Linarudi tupu?"

Mwalimu aligeuka kumtazama mwenzake. Ndipo Mama Vipul alipoacha kufuta macho. Alilitazama lile kopo, kisha akageuka kutazama nyuma ya gari, ambako kulikuwa na gunia la karanga lililotoka Kahama kwenda dukani kwa mumewe.

"Mwalimu," alisema, "lugha imekwisha kutuamulia. Wameitwa kwa kopo, basi tuwakopeshe kwa kopo. Hizi karanga ni mbegu nzuri. Mtu achukue kopo moja, apande, akivuna arudishe. Fedha inatisha, karanga hazijawahi kumtisha mtu."

"Na Mzee Dilip?"

"Atanuna mpaka Jumatatu. Akizidi, nitamwambia mkosaji ni Donatus."

Gunia likateremshwa. Ghati alikuwa wa kwanza kufika nalo debe lake.

"Ghati!" Mwalimu alifoka. "Hilo ni kopo?"

"Ni kopo, Mwalimu. Limekua tu."

Ilibidi kitafutwe kipimo kimoja kwa wote. Mwalimu alipita akikagua. Hili lilitoboka, lile lilinuka rangi. Alisimama mbele ya Paskazia, akalishika lile kopo kwa mkono wake wa waya, akalitikisa. "Hili ni imara. Nani alilitengeneza?"

"Marehemu mume wangu. Magesa."

"Basi kipimo chetu ni kopo la Magesa."

Minong'ono ilizuka. "Dogo mno hilo! Hata kuku hashibi!"

"Dogo wakati wa kuchukua," alisema Mama Vipul, "litakuwa dogo wakati wa kurudisha."

Masharti yalikuwa mepesi hata mtoto aliyakariri. Aliyechukua kopo moja angerudisha mawili wakati wa mavuno: moja kwenye ghala la Umoja, na jingine kwa jirani asiye na mbegu. Hapakuandikwa jina la mtu; kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake.

Usiku ule Paskazia alizichanganya mbegu zake na majivu, akazifunga katika kitambaa na kuzining'iniza darini. Kungoja mvua kulikuwa kugumu kuliko kuponda mawe. Siku ambazo chakula kilikuwa uji mwepesi, macho ya Nkwabi yalipanda darini yenyewe.

"Mama, karanga zile..."

"Zile si karanga, mwanangu. Zile ni shamba."

"Shamba halina majivu."

"Hili letu linalo. Lala."

Nyumba ya pili mambo yalikuwa tofauti. Harufu ya karanga za kukaanga ilipita ukutani jioni moja, na kesho yake Ghati alikuja na uso wa mtu aliyefumaniwa. "Nilisema nionje tano nione kama ni mbegu kweli," alieleza. "Ni mbegu kweli, shoga. Tamu sana. Zimebaki za mistari miwili."

Mwenyekiti wa kitongoji aliwapa wanawake ule mteremko wa mashariki, mahali ambapo wachimbaji walikwisha kukata tamaa na kuacha mashimo. Waliyafukia kwa zamu, shimo la huyu leo, la yule kesho, wakiimba kama walivyozoea kulima kwa vikundi huko kwao. Mwalimu Eufrasia alimleta bwana shamba awaonyeshe kupanda kwa mistari, naye Mama Vipul akaja amevaa viatu vya mvua vya mumewe, akafukia mpaka sari yake ikawa na rangi ya udongo. Zamu ya Paskazia ilipofika, wenzake walimwona amesimama ukingoni mwa shimo bila kuinua jembe. Lilikuwa duara la Magesa. Hakuna aliyemhimiza. Baada ya kitambo alivuta udongo wa kwanza kwa mguu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Mvua za kwanza zilinyesha vizuri upande wa Geita. Huko Shinyanga, wasafiri walisema, mawingu yalipita juu kama wageni waliokosea nyumba. Karanga za mteremkoni zikachipua, zikatoa maua ya njano. Siku Paskazia alipong'oa shina la kwanza pale palipokuwa duara, lilitoka limebeba maganda meupe yaliyojaa, na Noela akapiga kelele kama mchimbaji aliyeona mwamba unaomeremeta. Paskazia alikaa chini udongoni na kuling'ang'ania shina lile. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na watoto wakashindwa kujua wamfuate katika lipi.

Hata hivyo mavuno ya shamba dogo ni madogo. Kihenge alichokifinyanga upya kilifika nusu, na Mabula alitarajiwa wakati wowote. Siku ya kurudisha mbegu ilipokaribia, Ghati alimvuta pembeni.

"Sikia, Mama Noela. Usirudishe sasa. Ngoja shemeji apite kwanza aone kihenge, ndipo utoe. Mwalimu ataelewa."

"Na wewe utapanda nini? Kopo langu la pili nilikusudia liwe lako, maana zako ulizila."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mimi mwenyewe. Nitakosa karanga, wewe usikose watoto."

Paskazia aliutafakari ushauri huo usiku kucha, na ulikuwa ushauri mzuri. Lakini kila alipolitazama kopo, alikumbuka siku aliyouliza kama lingerudi tupu. Kama kila mmoja angengoja mgeni wake apite, lingemfikia nani tena?

Jumamosi hiyo wanawake walikusanyika mahali pale pale gari lilipozoea kusimama. Walisimama mstari, kila mmoja na mzigo wake. Paskazia ndiye aliyekuwa mbele, kopo mkononi, wakati mtu mrefu mwenye kofia ya pama alipotokea njiani na vumbi la safari miguuni.

Mabula aliuona mstari. Aliliona gari. Aliliona kopo. Uso wake ukasawijika, na ilikuwa dhahiri kwamba hakufurahia kulazimika kutimiza neno lake.

"Mama Noela," alisema, "nilikwambia nini?"

Hakungoja jibu. "Noela," Mabula aliita kwa upole, "nenda ukafunge nguo zako na za mdogo wako."

Mtoto hakujongea. Alishika khanga ya mama yake kwa mikono miwili.

"Baba, shikamoo," Mwalimu Eufrasia aliingilia kati, ingawa huenda yeye ndiye aliyestahili kuamkiwa. "Safari ni safari, pumzika kwanza. Hapa tuna kazi ya dakika moja. Paskazia, mimina!"

Paskazia alichota karanga kutoka katika kapu lake mpaka kopo likafanya kichuguu, akamimina katika gunia la Umoja. Zilianguka kwa mlio kama wa mvua juu ya bati. Akachota tena, akamgeukia Ghati, ambaye aliinua upindo wa khanga na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kitongojini alikosa la kusema.

Mabula alitazama. Alitazama mkono wa Paskazia ukipanda na kushuka, akatazama wanawake waliofuata wakimimina, kila mmoja kwa kopo lile lile.

"Wanafanya nini?" alimwuliza Donatus aliyekuwa karibu.

"Wanarudisha kopo la Magesa, mwanangu, ng'wana wane," Donatus alijibu kwa fahari. "Mimi ndiye niliyelianzisha."

Nyumbani, Paskazia alimwandalia shemeji yake matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, pamoja na karanga za kukaanga. Mabula alikula taratibu. Alikwenda akachungulia kihenge, akarudi kuketi.

"Kimefika nusu," alisema.

"Kilikuwa zaidi kidogo jana, shemeji."

"Najua kilikokwenda. Nimeona." Alimtazama Noela, kisha Nkwabi. "Mwombaji hagawi. Watoto wako wapo kwao."

Paskazia aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea magotini, na Nkwabi, ambaye hakuelewa chochote isipokuwa kwamba nguo hazifungwi tena, alichukua karanga nyingine.

"Huko nyumbani mnasemaje, shemeji?" Paskazia aliuliza baadaye. "Mhola?"

"Mhola," Mabula alijibu, yaani salama, kama desturi inavyotaka, kisha akatikisa kichwa. "Hapana, si mhola. Mvua hatukuiona. Ng'ombe wamebaki mifupa, na mbegu tumezichemsha tukala. Nilikuwa njiani nikijiuliza, hivi nikiwachukua watoto hawa, nitawalisha nini? Nikaona aibu kurudi nyuma, maana nilikwisha kusema."

Paskazia aliinuka. Kopo la Umoja alikwisha kurudisha, la jirani alikwisha kutoa. Hakuna sharti lililomdai tena. Alichota kihengeni kopo moja, akaongeza la pili, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Kinga."

"Sina kopo, mayu."

"Kofia unayo."

Mabula aliivua ile kofia ya pama taratibu, kichwa chake chenye mvi kikaonekana, na Noela akashangaa kuona kinafanana mno na cha baba yake. Aliishika kwa mikono miwili na kuikinga. Karanga zikaingia, zikijaza kofia mpaka ukingo.

"Mwakani utarudisha mara mbili," Paskazia alimwambia. "Fungu moja kwenye ghala lenu mtakaloanzisha, na jingine kwa jirani asiyenacho."

"Nikishindwa mtachukua nini?"

"Kofia."

Mabula alicheka. Kilikuwa kicheko cha Magesa hasa, na nyumba nzima ilikaa ikikisikiliza.

Aliondoka alfajiri, kichwa wazi. Mwaka uliofuata alirejea na karanga za Shinyanga, akatoa taarifa ya majirani waliopanda. Paskazia alikwisha kuacha kuponda mawe. Aliwauzia wachimbaji karanga na matobolwa ya kushuka nayo duarani, na gari la Umoja lilipokuja kitongojini lilikuja kumwazima yeye akafundishe wengine. Mwalimu Eufrasia na Mama Vipul sasa wamelala, kila mmoja kwa taratibu za dini yake, na kopo lenyewe lilikwisha kutoboka kwa kutu. Lakini karanga za mteremko wa mashariki zinapovunwa, bado husikika mtu akisema, "Nipimie la Magesa," hata kama anashika bakuli la plastiki. Magesa hakuacha dhahabu, mjane wake hakuwa na kihenge kilichojaa, na mkono wa waya wa kopo lile ulipita mikononi mwa watu wasio na kitu, ukawalisha. Hakika, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.